Nyumba ya Wageni ya Mwanga, Kigoma: Maoni ya Mhudumu wa Ndege

Kazi ya uhudumu wa ndani ya ndege imenilaza katika nyumba nyingi za wageni, nami huzipima kwa hali ya koo langu siku mbili baada ya kuondoka, wala si kwa televisheni au mapazia yake. Hii ya Mwanga, mjini Kigoma, nimelala mara tatu, na naipa alama nne kati ya tano.

Abiria wengi hudhani kwamba mafua yetu hutokana na hewa chafu ya ndege, ilhali katika ndege kubwa za kisasa hewa inayorudishwa ndani hupita kwenye vichujio vinavyonasa zaidi ya asilimia 99 ya chembechembe. Kinachotusumbua ni ukavu, kwani unyevunyevu humo mara nyingi huwa chini ya asilimia 20, na pua iliyokauka hupoteza kinga yake. Zaidi ya hapo ni usingizi. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015, watu 164 walitiwa virusi vya mafua puani, na waliokuwa wakilala chini ya saa 6 kwa usiku walionekana kuwa katika hatari ya kuugua zaidi ya mara 4 ya wale waliolala zaidi ya saa 7. Anayeamka saa tisa usiku kuwahi zamu hahitaji kushawishiwa.

Ndiyo maana nasifu kwanza vyumba vya nyuma: vina giza, chandarua kizima, na madirisha yenye wavu yanayoingiza upepo wa ziwani, hivyo sikuwasha kiyoyozi, ambacho nacho hukausha hewa. Vyumba vya mbele sivipendekezi kabisa, kwa sababu baa ya jirani hupiga muziki hadi usiku wa manane, na usiku wangu wa kwanza humo ulinigharimu wiki nzima ya makamasi na sauti ya kukwaruza.

Chakula ni ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, iliyoungwa kwa mawese, kizito kidogo kwa mtu anayelala mapema, lakini kitamu mno. Mama wa jikoni, aliponisikia nakohoa, alisema, “Pole, mwanangu, ngoja nikuwekee tangawizi,” akaleta chupa nzima ya chai. Tangawizi haiui virusi, najua. Hata hivyo nilikunywa vikombe vinne, wakati ndani ya ndege hupitisha saa nyingi bila hata maji. Kifungua kinywa huanza saa moja, nami huondoka kabla hakujapambazuka, ila ukiwaambia jioni hukufungia chapati na mayai ya kuchemsha.

Alama moja nimeinyima kwa sababu ya sinki la kunawia mikono sebuleni, ambalo mara zote tatu nililikuta halina sabuni, ingawa kila mgeni hupita hapo akitoka safarini kabla ya kushika kijiko.