Huawei E173: modemu ya 3G kwa duka la Mombasa

Ukiikuta modemu hii kwenye kibanda cha vifaa vya mitumba, usitosheke na neno 3G. 3G ya mwanzo, UMTS, iliishia kilobiti 384 kwa sekunde. HSPA+, 3G iliyoboreshwa zaidi, huanzia megabiti 21. E173 iko katikati, HSDPA (3G iliyoongezwa kasi ya kupakua) ya megabiti 7.2. Gawa kwa 8, maana baiti moja ni biti 8, unapata chini ya megabaiti 1 kwa sekunde, na hapo mtandao usiwe na msongamano. Kwa barua pepe, iTax (tovuti ya kodi ya KRA) na kompyuta ya mauzo yatosha kabisa. Mikutano ya video itafutie 4G.

Kasi unayopata itazame kwenye taa. Kijani isiyopepesa ni 2G, buluu ni 3G ya kawaida, feruzi ni HSDPA. Ikiganda kijani, fungua Mobile Partner, programu ya modemu kwenye kompyuta, ingia mipangilio ya mtandao, chagua WCDMA (yaani 3G) pekee. Kwa laini ya Safaricom, APN (jina la lango la intaneti) ni safaricom, jina saf, neno la siri data, namba *99#.

Mji wa Kale una shida yake: kuta nene za mawe ya matumbawe hula mawimbi ya 2100 MHz. Itoe modemu hadi dirishani kwa kebo fupi nene ya USB. Kebo nyembamba ndefu hupunguza umeme, na kwa kuwa tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500 tu, modemu hujizima pale inapoanza kutuma data.

Lakini kuna linalowachanganya wengi: vijiti vya mtandao vimejaa na kurasa hazifunguki. Kwenye WCDMA wateja wote hutumia masafa yaleyale kwa wakati mmoja, kila mmoja ni kelele kwa mwenzake. Watu wakizidi, eneo la mnara husinyaa na aliye ukingoni hukatika kwanza. Kwa programu ya kuchapia amri za modemu (terminali), tuma AT^CSNR? usome namba ya pili, inayopima mawimbi dhidi ya kelele kwa desibeli: -6 ni safi, ikishuka kupita -14, kununua bando kubwa ni kutupa pesa. Sogeza modemu ielekee mnara mwingine.

Kabla ya kulipa, jaribu laini za kampuni mbili, maana nyingi zilifungiwa mtandao mmoja. Inataka laini kubwa. Ya nano iingie na adapta yake, kamwe usisukume adapta tupu, hung'oa pini. Chungulia pia tundu la laini na kichwa cha USB: chumvi ya pwani huacha kutu ya kijani. Ikiwa nyepesi, brashi na spiriti huitoa; ikishakula pini, iache hapohapo.