Google Docs katika darasa la Kiingereza la waongoza watalii: tathmini baada ya masika mawili

Kila mwaka, masika yanapoanza na wapandaji wa Kilimanjaro kupungua, darasa langu la jioni mjini Moshi hujaa. Wanafunzi wangu ni waongoza watalii, wapagazi na wapishi wa mlimani, watu wazima ambao wengi wao huzungumza Kiingereza vizuri kuliko wanavyokiandika. Kwa masika mawili sasa nimewafundisha uandishi kwa kutumia Google Docs, programu ya bure inayowawezesha watu wengi kufungua hati moja mtandaoni na kuiandika kwa wakati mmoja, na nimekaa nayo kiasi cha kutosha kuwaeleza walimu wenzangu ninavyoiona.

Kazi ilikuwa hati moja kwa darasa zima la watu 22: maelezo ya njia ya Machame, kambi kwa kambi, yaliyokusudiwa kusomwa na mgeni kabla hajapanda ndege. Kikundi kimoja kilichukua usiku wa kwanza, kingine Shira, wengine Barranco, Karanga na Barafu. Kila aliyeingia kwa akaunti yake alionekana kwa rangi na jina lake pale alipokuwa anaandika, na jioni ya kwanza darasa zima lilinyamaza kutazama sentensi zikiota kwenye skrini, huku huyu akiongeza neno na yule akilirekebisha.

Thamani ya programu hii niliielewa kupitia kikundi cha Barafu. Waliandika kwamba safari ya kuelekea kileleni huanza “at six o'clock at night”. Msomaji wa Kiswahili anajua mara moja kosa limetoka wapi: saa sita usiku imehamishwa kama ilivyo, na mgeni akisoma hivyo ataelewa saa kumi na mbili jioni, kisha avae makoti yake na kusubiri kwenye baridi saa sita nzima. Programu, ambayo huyapigia makosa ya tahajia mstari mwekundu na ya sarufi mstari wa bluu, ilipita bila kugusa kitu, kwa kuwa kisarufi sentensi ilikuwa salama. Aliyeliona kosa ni mpagazi kijana wa kikundi kingine, ambaye aliacha maoni pembeni: “Shikamoo mzee. Naomba uangalie hapa, saa sita si twelve?” Mzee aliyeiandika sentensi ile, mwongoza watalii wa miaka mingi, alijibu chini yake: “Marahaba mwanangu. Ni kweli kabisa.” Alisahihisha mwenyewe, kisha akaipitia hati yote na kukuta saa nyingine mbili za namna hiyo. Darasani, mbele ya watu, kijana yule asingethubutu kumsahihisha mzee, na mimi nisingependa athubutu. Pale pembeni mwa hati adabu ilipata nafasi yake, na kosa pia likarekebishwa.

Kwa sababu hiyo nawashauri walimu wautumie uwanja wa maoni zaidi kuliko hali ya kupendekeza. Katika hali ya kupendekeza, mwalimu huandika sahihisho lake moja kwa moja, nalo huonekana kwa rangi hadi mwenye hati alikubali au alikatae. Ni njia ya haraka, lakini niligundua kwamba wanafunzi hukubali kila kitu bila kusoma, na wiki inayofuata kosa hurudi vilevile. Mfano ni viwakilishi vya “he” na “she”, ambavyo humsumbua Mswahili kwa kuwa kwetu “anapika” humtosha mama na baba. Mpishi wetu mwanamke alikuwa ameandikwa “he” mara nne katika aya moja. Badala ya kurekebisha niliandika swali pembeni, “Mpishi huyu ni nani?”, na wakazibadili zote nne wao wenyewe.

Historia ya matoleo, inayohifadhi hatua ambazo hati imepitia na kuonyesha nani alibadili nini, ndiyo sehemu ninayoithamini kuliko zote. Kuna mwanafunzi niliyemdhania mzembe kwa sababu mchango wake ulikuwa sentensi moja tu kuhusu ukuta wa Barranco. Nilipofungua historia kwenye kompyuta niliona alikuwa ameiandika na kuifuta, akabadili kitenzi, akakirudisha, kwa muda wa karibu saa nzima. Karatasi isingenionyesha jitihada hiyo kamwe, na tangu hapo nimeacha kumpima mtu kwa urefu wa alichokiandika. Historia hiyohiyo ilituokoa pale mmoja wetu alipofuta ukurasa mzima kwa bahati mbaya, kwani tuliurudisha kwa dakika chache.

Upungufu upo. Kwenye simu yenye skrini ndogo, kuandika aya ndefu kunachosha, na maoni huifunika hati yenyewe. Kila mmoja anahitaji akaunti, na jioni mbili za kwanza ziliishia kwenye kukumbuka nywila. Bando ni gharama halisi kwa mpagazi ambaye hana safari, ingawa hati ya maneno matupu hula data kidogo, na anayeiandaa mapema anaweza kuandika bila mtandao, kisha kazi yake ikajipeleka mtandao unaporejea. Hilo ni muhimu kwa watu wanaopanda mlima: intaneti ya kasi ilifikishwa kambi ya Horombo, mita 3,720, mwezi Agosti 2022, lakini Horombo ipo njia ya Marangu, na si wote wanaopanda kwa njia hiyo.

Kuzungumza, Google Docs haifundishi, na asiwepo mwalimu wa kuitegemea kwa hilo. Kwa matamshi ninatumia ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ambapo mwanafunzi hujirekodi akimweleza mgeni dalili za ugonjwa wa kimo, yaani ule unaompata mtu akipanda juu sana mlimani, nami humjibu kwa sauti, kwake peke yake. Niliwahi kujaribu kufundishia uandishi kwenye kundi la WhatsApp nikaacha, kwa kuwa masahihisho huzama chini ya salamu na matangazo ya misiba, ambayo nayo ni haki yake kuwepo, na baada ya siku mbili hakuna anayeyaona tena.

Kwa darasa la watu wazima wasiozidi 25, lenye mwalimu aliye tayari kusoma maoni kila usiku, naipendekeza bila kusita. Kwa darasa la wanafunzi 80 wasio na simu siipendekezi. Huko ubao na vikundi vya watu wanne vitafanya kazi nzuri zaidi. Hati yetu ya Machame ina kurasa 11 sasa, na wanafunzi wa masika haya wameomba tuanze ya njia ya Lemosho. Sentensi ya kwanza imeandikwa na mzee wa Barafu, na saa aliyoiandika ni sahihi.