Mashine ya kupima DNA kwa picha: miezi minane nayo hapa Tabora

Wadau wawili wameniuliza kama wanunue mashine kama yangu. Nawajibu hapa ili nisirudie: nunueni, lakini kile cheti cha "imekaguliwa, iko sawa" kinachokuja ndani ya boksi kiwekeni kando mpaka muikague wenyewe.

Ni hadubini ya mtumba yenye kamera, kompyuta na programu yake. Slaidi ikishatiwa rangi ya Feulgen, kamera inasoma kila kiini cha seli kimefyonza mwanga kiasi gani. Rangi hiyo hushika DNA kwa uwiano, kwa hiyo ukijumlisha weusi wote wa kiini unapata kadirio la DNA iliyomo. Njia hiyo ya kutia rangi ni ya zamani, wanasayansi Feulgen na Rossenbeck waliitoa mwaka 1924. Mimi naitumia kwenye utafiti wa vivimbe vya mbwa. Majibu ya wagonjwa sitoi nayo.

Niliipata kwa muuzaji wa Dar kwa bei ya bajaji iliyotumika, ikaja kwa basi kupitia Singida na Nzega. Balbu ilifika imekatika, vingine vyote vizima. Ukiiwasha inajikagua yenyewe kwa sekunde chache, kisha inaleta alama ya kijani. Nikafurahi. Baadaye niligundua kwamba alama ile inamaanisha tu kwamba kamera imeonekana na kompyuta imeitambua.

Nilishtuka nilipoazima vichujio vya kijivu kwa rafiki yangu mpiga picha. Namba ya kichujio ni kipimo cha weusi wake: cha 0.3 kinapitisha nusu ya mwanga, cha 0.6 robo, cha 1.0 sehemu moja ya kumi. Hiyo ni fizikia, haibadiliki kwa kuwa uko Tabora. Mashine ikanisomea 0.28, 0.53 na 0.82. Angalia kosa linavyokua kadiri giza linavyoongezeka: maana yake kuna mwanga wa ziada unaoingia ambao hautoki kwenye taa. Nikaziba taa kabisa nikapiga picha. Ilitakiwa iwe nyeusi tii, lakini haikuwa. Hadubini nilikuwa nimeiweka kando ya dirisha, na jua la huku mnalijua. Nikaning'iniza pazia zito, nikaiamuru programu itoe ile picha ya giza kwenye kila kipimo, na kichujio cha 1.0 kikapanda hadi 0.97. Siku hiyohiyo nilikuta kamera inajirekebishia mwangaza yenyewe kila nikihamia sehemu nyingine ya slaidi. Mpangilio huo ni mzuri kwa picha za harusi. Kwa kupima DNA ni balaa, kwa hiyo uzimeni kabla ya jambo jingine lolote.

Tatizo la pili vichujio havikulionyesha. Hilo lilifichuliwa na panya wa stoo. Ini la panya lina seli zenye DNA ya kawaida, nyingine zenye mara mbili, na chache zenye mara nne, kwa hiyo ni rula ya bure. Unaligusisha ini bichi kwenye slaidi. Usilikate vipande vyembamba, kwa sababu kisu kinakata na viini. Ukichora grafu ya idadi ya seli kwa kiasi cha DNA, kilele cha pili kinatakiwa kiwe mara mbili ya cha kwanza, na watu wa fani hii wanakubali kati ya 1.9 na 2.1. Mimi nikapata 1.83. Mwanga ulikuwa unatawanyika ndani ya lenzi na kuvipausha vile viini vyeusi zaidi. Nikafuta lenzi (vumbi la Septemba lilikuwa limejaa), nikapanga taa upya kwa utaratibu wa Köhler (unaosambaza mwanga sawasawa), nikapunguza ule mlango wa mwanga hadi uzunguke eneo la kamera tu. Ikapanda 1.94. Nikaacha hapohapo, sikutaka kuitafutia 2.00 kwa kuichokonoa.

Kila Jumatatu napima damu ya kuku. Chembe nyekundu za kuku zina viini, zetu hazina, na zote zina DNA sawa, kama picogramu 2.5. Zikisomeka kwa kutawanyika sana, ujue kuna kitu. Asubuhi ya kwanza nilikwenda sokoni na kichupa changu.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia mama muuza kuku. "Naomba damu kidogo ya huyo unayemchinja."

Akaniangalia kuanzia viatu. "Damu tu? Nyama hutaki?"

"Damu tu, mayu. Ya maabara."

"Haya. Kila mmoja na mganga wake."

Siku hizi ananiwekea bila maswali, ila bei ya damu imepanda.

Hiyo damu ya kuku ndiyo iliyonionyesha kwamba lawama zote si za mashine. Oktoba mtawanyiko, yaani tofauti ya vipimo kati ya seli na seli, ulifika asilimia 7, wakati mimi sivuki 5. Nikasafisha, nikapanga taa, hakuna kilichobadilika. Kumbe ni asidi. Kabla ya rangi, slaidi inakaa kwenye asidi hidrokloriki ya 5N (hiyo ni nguvu yake) kwa saa moja "kwenye joto la chumba". Chumba cha nani? Changu mchana kilisoma nyuzi 33. Joto hilo linaiharakisha asidi, inapitiliza na kuanza kuila DNA yenyewe. Sasa chombo cha asidi nakiweka kwenye beseni la maji ya mtungi, kipimajoto kikisoma 25, na mtawanyiko umerudi chini ya 4. Mtengenezaji hana kosa hapo, ila kwenye kitabu cha maelekezo angeandika namba badala ya "joto la chumba".

Umeme: bila stabilaiza msijaribu. Taa inahema pamoja na laini, na hata umeme ukiwa mzuri naiacha iwake nusu saa kabla ya kipimo cha kwanza. Pembe za picha nazo zilisoma pungufu kuliko katikati. Picha ya slaidi tupu inarekebisha hilo, ni kazi ya dakika moja.

Huduma baada ya mauzo hakuna. Nilimtumia muuzaji namba zangu za vichujio, akanijibu kwamba alama ya kijani ikitokea mashine ni nzima. Namba zote sasa naziandika kwenye kaunta buku, tarehe kwa tarehe, na nikiona zinateremka wiki tatu mfululizo nasimamisha kazi hata kama bado ziko ndani ya mipaka.

Nyota nne kati ya tano. Lenzi ni nzuri kwelikweli, na programu haijawahi kuganda. Balbu za akiba nunueni mbili siku hiyohiyo ya kununua mashine. Mimi yangu niliisubiri wiki tano.