Boksi la kupimia fosfeti: maji kijani kama mchicha, kipimo kinasoma sifuri

Nililinunua mwezi wa tatu kwenye duka moja la vifaa vya ufugaji wa samaki hapa Dodoma mjini, shilingi 48,000, na nimelitumia msimu mzima kwenye bwawa langu la perege huku Hombolo. Ndani kuna chupa mbili za dawa, tyubu mbili za kioo, kadi ya rangi na karatasi ya maelezo ya Kiingereza na Kichina. Kiswahili hakuna hata neno moja.

Kulitumia si kazi. Unachota maji mililita 5, unatonesha matone sita ya chupa ya kwanza, unatikisa, sita ya chupa ya pili, unasubiri dakika tano. Fosfeti, yaani kirutubisho chenye fosforasi kinacholisha mwani, ikiwepo maji yanageuka bluu, na ikizidi bluu inakolea. Ni kemia ileile ya molibdeni ambayo maabara wanaitumia miaka yote, ila hapa jicho lako ndiyo mashine. Chupa moja ina asidi ya sulfuriki, kwa hiyo vaa glavu. Suruali yangu ya shamba ina matundu ya ushahidi.

Siku ya kwanza nusura nilirudishe dukani. Bwawa lilikuwa kijani kwa mwani kiasi kwamba ukizamisha mkono hadi kiwiko, vidole huvioni. Kipimo: sifuri. Nikarudia, sifuri. Mzee jirani mwenye shamba la zabibu akachungulia, akasema, “Mwanangu, umeuziwa maji ya rangi.” Nikamjibu, “Mzee, afadhali ingekuwepo hata hiyo rangi.”

Dawa ni nzima. Kilichonipoteza ni ile karatasi, inayosema sifuri maana yake maji hayana mbolea ya ziada. Si kweli. Kipimo hiki kinaona fosfeti iliyo huru tu. Kwenye bwawa lililoshiba mbolea, fosforasi nyingi haielei huru: imo ndani ya mwani wenyewe, kwenye mabaki yanayooza na kwenye tope. Ile huru ikiisha, mwani haukai ukafa njaa. Unatoa kimeng'enya kiitwacho fosfatesi ya alkali, nacho kinafanya kama mtu anayepukuchua mahindi: kinabandua punje ya fosfeti kutoka kwenye gunzi la mabaki. Punje ikidondoka tu imeshadakwa. Wewe unakuja na tyubu yako unakuta uwanja umefagiwa. Fosfeti ikiwa tele, mwani wenyewe unapunguza kukitengeneza, kwa nini ujichoshe? Na kimeng'enya hicho kinapenda maji ya alkali, ambayo mwani huyaleta wenyewe mchana kwa kufyonza kaboni dioksidi. Saa tisa alasiri kikaratasi changu cha pH kilisoma 9. (Mliopimwa ini mkaona herufi ALP kwenye majibu, huyo ni ndugu yake, fosfatesi ya alkali ya mwilini.)

Nikajaribu hivi. Nilijaza chupa ya maji ya kunywa tope la chini ya bwawa kiasi cha robo, maji ya bwawa juu, nikafunga kifuniko na kuificha stoo gizani wiki moja. Nilipofungua, harufu nisiielezee. Nikachuja kwa kitambaa, nikapima: bluu ya wino. Gizani mwani umekufa, bakteria wameupukuchua, hewa imeisha, na chuma kwenye tope kilichokuwa kimeishika fosfeti kimeiachia. Hapo ndipo nililipenda hili boksi. Sasa nachota maji ya chini kabisa alfajiri, si ya juu mchana, na kabla ya kumwaga samadi ya kuku napima kwanza ile chupa ya tope.

Kosa moja lilikuwa langu. Niliosha tyubu kwa sabuni ya unga, nikapima maji ya bomba ya mjini, yale ya visima vya Mzakwe, yakatoka bluu. Nikaanza kuwapigia watu simu! Kumbe baadhi ya sabuni za unga zina fosfeti. Suuza kwa maji matupu, mara tatu.

Kadi ya rangi nayo ina ngazi pana mno: miligramu 0, 0.25, 0.5, 1 kwa lita, na kuendelea. Vitabu huhesabu ziwa kuwa limeshiba kuanzia takribani miligramu 0.035 za fosforasi yote kwa lita. Tena kadi inahesabu fosfeti, si fosforasi, kwa hiyo lazima ugawanye kwa 3.06 ili upate fosforasi. Ile ngazi ya 0.25 inakuwa kama 0.08, yaani mpaka uione bluu ya kwanza umeshapita mstari mara mbili na zaidi. Kwa anayetaka kujua hali ya bwawa kubwa la Hombolo, boksi hili halitoshi, peleka maji maabara wapime fosforasi yote.

Nyota tatu kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya karatasi, nyingine kwa sababu duka haliuzi chupa za dawa peke yake. Zangu zimebaki robo, na zikiisha natakiwa kununua boksi zima, na kadi ninayo, tyubu ninazo.