Boksi liliandikwa dakika 30: uzoefu wangu wa kuunganisha baiskeli ya mlimani nyumbani

Ijumaa saa kumi na mbili jioni boksi lilifika kwangu Dagoretti Corner, Nairobi, juu ya pikipiki, limelazwa kiti cha nyuma, limetokeza huku na huku hata matatu zikawa zinampisha mwenye boda. Soja wa geti alinisaidia tukalipandisha hadi ghorofa ya tatu. Ubavuni limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba kuunganisha ni kazi ya dakika 30. Nilimaliza Jumapili asubuhi.

Baiskeli yenyewe niliinunua mtandaoni, Sh27,500 pamoja na kuletewa. Magurudumu ya inchi 27.5, gia 21, breki za diski za kuvutwa kwa waya. Duka lilinipa nafasi ya kuongeza Sh1,500 ili fundi wao aiunganishe kabla haijatoka. Nikakataa. Kitanda nimekiunganisha mwenyewe, kabati nimeliunganisha mwenyewe, sasa baiskeli itanishinda?

Ukifungua boksi unapata moyo haraka, maana kazi nyingi inaonekana imekwisha. Gurudumu la nyuma limefungwa, cheni ipo, waya za gia zimevutwa. Kilichobaki ni usukani, gurudumu la mbele, kiti na pedeli. Karatasi ya maelekezo, kwa upande wake, ina picha ya baiskeli nyingine kabisa, yenye breki za mpira zinazobana rimu. Yangu ina diski. Nikaikunja nikaiweka chini ya kikombe cha chai.

Ndani mna pia spana moja ya bati, nyembamba, yenye matundu ya kila saizi. Usiitumie. Nilijaribu kukaza nati moja nayo ikajipinda kama kijiko cha plastiki. Jumamosi asubuhi nilishuka Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, nikanunua spana ya 15 ya kawaida, seti ya funguo za aleni (zile zilizopinda, za bolti zenye tundu la pembe sita) na kopo dogo la grisi. Kama unafikiria kufanya kazi hii, vitu hivyo vitatu ndivyo vya kununua kwanza. Ufunguo wa aleni wa 4, wa 5 na wa 6 utamaliza karibu kila bolti iliyoko kwenye baiskeli.

Lakini Ijumaa usiku, kabla ya kuwa na spana hizo, nilikuwa nimeshafunga usukani na gurudumu la mbele kwa vilivyokuwepo, nikaisimamisha kwenye korido niifurahie. Jirani yangu wa chini alikuwa anapanda ngazi. Ni mzee aliyestaafu baada ya miaka mingi kwenye karakana ya reli, na ana tabia ya kusimama mbele ya chuma chochote. Akaitazama baiskeli, akanitazama mimi.

"Kijana, hii yako inatembea kinyumenyume?"

Foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ilikuwa imegeukia nyuma. Kwenye boksi mara nyingi huigeuza ili mzigo usichukue nafasi kubwa, na mimi nikafunga kila kitu juu ya kosa hilo. Dalili ni rahisi ukishaambiwa: ukikaa kwenye kiti, diski ya mbele iwe mkono wako wa kushoto. Yangu ilikuwa kulia. Nikafungua usukani upya.

"Mzee, karibu chai," nikasema, kwa sababu nilikuwa nimeshaona kwamba bila yeye nitalala nje na baiskeli hiyo.

Kesho yake alikuja na kiti chake kidogo. Usukani tulifunga pamoja: zile bolti nne za kifuniko cha mbele zinakazwa kwa msalaba, kidogo huku kidogo kule, kama nati za gurudumu la gari, mpaka nafasi ya juu na ya chini zilingane. Juu ya chuma pameandikwa 5 Nm, kipimo cha nguvu ya kukaza. Spana ya kupima nguvu hatukuwa nayo, kwa hiyo alinishikisha ufunguo kwa ncha za vidole badala ya kiganja kizima. Halafu unasimama mbele, unabana gurudumu kwa magoti na kuupinda usukani kwa nguvu zako. Ukizunguka peke yake, bado.

Sasa pedeli. Hapa ndipo nilipokaribia kutia hasara ya kweli. Ya kulia iliingia kama kifuniko cha chupa. Ya kushoto nikaizungusha vilevile, kwenda kulia, ikashika kidogo ikagoma. Nikadhani ni rangi imeziba tundu. Nikaweka spana nikaiegemea, ikatoa sauti kama mchanga chini ya kiatu.

"Wee! Acha hapo hapo."

Akaitoa polepole, akafuta ncha ya ekseli, kile chuma cha pedeli kinachoingia kwenye tundu, kwa shati lake, akanionyesha herufi L iliyochongwa pale. Pedeli ya kushoto uzi wake, ile mistari ya skrubu, unakwenda kinyume. Ekseli ni chuma kigumu, krenki, ule mkono pedeli inapofungwa, ni aluminiamu laini, kwa hiyo ukilazimisha, kinachoharibika ni krenki, na huo si mzigo wa shilingi mia mbili. Bahati yangu, ulioumia ni uzi mmoja wa mwanzo tu.

Nikamuuliza kwa nini wasitengeneze zote sawa. Akaniomba kalamu. Akakunja ngumi kwa ulegevu, akaichomeka kalamu katikati, akaniambia niishike ncha ya juu niizungushe kama ninayekoroga uji. Jaribu nyumbani. Mkono wako unazunguka upande mmoja, lakini kalamu yenyewe ndani ya ngumi inajiviringisha upande wa pili, taratibu. Ndivyo ekseli inavyofanya ndani ya krenki kila unapokanyaga, kwa sababu uzito wa mguu unaizungukia. Uzi wa kushoto ungekuwa kama wa kulia, pedeli ingejifungua yenyewe barabarani. Kuanzia hapo sihitaji kukumbuka kulia wala kushoto: spana ikisimama juu ya pedeli, kukaza pande zote mbili ni kuivuta kuelekea gurudumu la mbele. Paka grisi kwenye uzi kwanza, anzisha kwa vidole, na kidole kikikataa usilete spana.

Kiti dakika mbili. Usiivute tu nguzo yake juu hadi ule mstari uliochorwa juu yake uonekane.

Kilichoniudhi hasa ni vile vitu ambavyo kiwanda kilidai kimemaliza. Mzee alishika nati za gurudumu la nyuma, zile ambazo hakuna karatasi iliyoniambia niziguse, zikazunguka kwa vidole. Kwa vidole! Ningetoka na baiskeli hiyo barabarani nikiamini mambo ya nyuma ni salama. Tangu hapo tulipitia kila bolti moja baada ya nyingine, na tukapata nyingine mbili zilizolegea kwenye krenki.

Halafu gia. Tuliipindua baiskeli, kiti na usukani chini, nikawa nazungusha pedeli kwa mkono huku nikibadilisha. Ilipanda vizuri mpaka ile sprokiti (gurudumu la meno) kubwa kabisa ya nyuma, ikaendelea kupanda, cheni ikaruka ikajisokomeza kati ya sprokiti na spoku. Krrak. Ilituchukua nusu saa kuichomoa bila kukata spoku. Kwenye kile kimkono cha gia kinachoning'inia nyuma kuna skrubu mbili ndogo zenye herufi H na L. H inazuia cheni isivuke sprokiti ndogo ikaanguka nje. L inazuia isivuke kubwa ikaingia kwenye spoku. Ya kwangu L ilikuwa wazi mno. Robo mzunguko, jaribu, robo nyingine, jaribu. Ikiwa cheni inasita kupanda, skrubu hizo si zake tena. Pale waya unapoingia kwenye kile kimkono kuna kipipa kidogo cha kuzungusha kwa vidole, na nusu mzunguko wa kukifungua unakaza waya vya kutosha.

Breki zilinipa somo la usafi. Nilishika diski ya mbele kwa vidole vyenye grisi, na nilipoijaribu kwenye korido ikapiga kelele hadi watoto wa ghorofa ya pili wakatoka kuangalia. Spiriti ya kemisti kwenye kitambaa safi iliondoa grisi kwenye diski. Tulipofunga gurudumu, diski ikawa inakwaruza pedi kila mzunguko. Legeza bolti mbili zinazoshika ile breki kwenye foku, bana mkono wa breki, na ukiwa umeubana vilevile zikaze tena. Itajiweka katikati au karibu na katikati. Mkono wa kufungia gurudumu nao ubanwe mpaka uache alama kwenye kiganja. Usipoacha alama, fungua, kaza nati ya upande wa pili kidogo, bana tena.

Jambo moja dogo ambalo sikulitarajia: baiskeli ilikuja breki ya mbele ikiwa mkono wa kushoto. Mzee alikataa katakata. Alizoea baiskeli za Black Mamba tangu ujana, breki ya mbele kulia, na boda zetu zote ni hivyo hivyo. Akasema siku ya hatari mkono hauulizi kichwa. Kwa breki za waya kubadilisha ni rahisi, unachomoa vichwa vya waya kwenye mikono na kuvipishanisha. Kwa zile za mafuta nisingethubutu mwenyewe.

Upepo nilijaza kituo cha mafuta cha Ngong Road, kwa sababu valvu ni zile nene kama za gari. Mwambie mhudumu aende polepole, maana tairi la baiskeli hujaa kabla hajamaliza salamu. Kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Mimi nina kilo 78, nikaweka 40 PSI, nikaona inatosha kwa murram.

Jumapili nilienda msitu wa Karura. Vijia vya ndani vilikuwa na tope jekundu lililoanza kukauka, na kwa saa mbili baiskeli haikulalamika ila gia ya tano iliyosita mara mbili. Breki za diski mpya zina udhaifu wake: kama mara ishirini za mwanzo zinashika kwa uvivu, ndipo zinaamka. Zizoeze mahali tambarare kabla ya mteremko. Wiki tatu baadaye waya za gia zilikuwa zimejinyoosha kama waya zote mpya, nikazungusha kile kipipa kidogo, gia ya tano ikatulia.

Je, ningelipa zile Sh1,500? Hesabu yangu: spana Sh350, funguo za aleni Sh400, grisi Sh150, spiriti Sh120. Jumla Sh1,020. Nimeokoa Sh480 na kupoteza wikendi. Lakini kama wao ndio waliotuma gurudumu la nyuma likiwa na nati za kuzungushwa kwa vidole, sijui fundi wao angenipa nini cha zaidi. Ukitaka kulipa mtu, lipa fundi wa mtaani kwako unayemwona akifanya, ukae kando ya kazi, na umwambie aanze na zile sehemu zilizokuja zimefungwa.

Baiskeli yenyewe naipa nne juu ya tano. Fremu imara, mabadiliko ya gia laini ukishazirekebisha, kiti kigumu ila kiti hubadilishwa. Karatasi ya maelekezo bado iko chini ya kikombe.

Riflekta ya nyuma haikuwemo kwenye boksi, ingawa picha ya mtandaoni inayo. Nilipiga simu dukani wakasema wataangalia halafu watanipigia. Baada ya wiki mbili nilinunua nyingine kwa fundi wa stejini, shilingi mia, akaifunga mwenyewe. Simu ya duka bado naisubiri.