Zelda ya kuchanganywa kwenye simu: raha ipo, tabu ni vidole

A Link to the Past Randomizer kwenye simu ya Android naipa nyota nne kati ya tano. Iliyopungua imekatwa na kioo, gemu haina kosa.

Ni ile gemu ya Zelda ya mashine ya Super Nintendo ya 1991, ila vitu vyote vimehamishwa. Nyundo uliyozoea kuikuta kwenye jumba la Palace of Darkness huenda sasa imo kwenye banda la kuku pale kijijini Kakariko. Programu huhakikisha kila mchanganyo unamalizika, kwa hiyo ukikwama, kuna sanduku hujalifungua. Kama hujawahi kumaliza gemu ya asili, anza nayo hiyo. Huku utapotea tu.

Kompyuta haihitajiki. Unafungua alttpr.com kwenye kivinjari na kukipa faili la gemu ya asili, toleo la Japani 1.0, kutoka kwenye nakala yako halali. Toleo la Marekani linakataliwa, na hapo ndipo wengi hukwama. Usiogope Kijapani, gemu inatoka kwa Kiingereza. Mara ya kwanza chagua Open (hali ya kuanza ukiwa huru kutembea), lengo liwe kumshinda Ganon, adui mkuu, kisha pakua faili la .sfc (gemu iliyochanganywa) ulifungue kwa RetroArch yenye Snes9x, programu ya kuigiza Super Nintendo kwenye simu. Wenye iPhone wana Delta, programu ya aina hiyohiyo, tangu Aprili 2024.

Usibadilishe majina ya mafaili! Ukiyaita yote "zelda.sfc", siku moja utapakia hali iliyohifadhiwa ya mchanganyo wa jana ndani ya wa leo: mkononi una vitu vya jana, masanduku uliyofungua jana yanahesabika yameshafunguliwa, na kilichowekwa humo leo hukipati tena.

Sasa kioo. Kukimbia kwa Pegasus Boots, viatu vya mbio, ni kushikilia A huku ukielekeza, na kidole gumba kinateleza katikati ya pambano. Pedi ya Bluetooth inamaliza shida hiyo. Spika za masikioni za Bluetooth ziache, sauti huchelewa.

Ukiingia Dark World, ulimwengu wa giza wa gemu hii, bila kitu kiitwacho Moon Pearl unageuka sungura asiyeweza kupigana. Hifadhi, toka, uanzie upande wa nuru. Kufuatilia ulikopita, kugawa skrini mara mbili kunabana mno; daftari na kalamu vinanitosha. Orodha ya majibu ipo palepale tovutini, ukiifungua umejiharibia mwenyewe.