Viatu vya barafu kabla ya masomo ya binafsi: ninavyovipanga kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho

Hapa Minnesota, Marekani, somo la binafsi la kuteleza kwenye barafu kwa madoido (figure skating) mara nyingi huwa la dakika 20 au 30, na muda wa uwanja unaulipia kando. Dakika hizo ni chache. Nimeshuhudia mara nyingi mtoto ameketi benchini, mama yake amepiga magoti anakaza kamba kwa mara ya tatu, kocha amesimama barafuni anasubiri, na pesa inayoyoma. Karibu kila mara tatizo ni viatu. Ndiyo maana nawaomba wazazi wenzangu mnaoanza: gauni na vimetameta vyake viwekwe kando kwanza. Bajeti ianzie miguuni.

Kabla ya kutoa hata dola moja, zungumza na kocha. Akimwona mtoto akiteleza na viatu vya kukodi, atajua anahitaji kiatu kigumu kiasi gani kulingana na uzito wake na anachokaribia kufundishwa. Mzazi hawezi kulijua hilo kwa kutazama picha mtandaoni.

Nafasi ya kwanza naipa viatu vipya vya daraja la wanaoanza, vilivyopimwa dukani na fundi anayeujua mchezo huu. Mfano ni Jackson Artiste au Riedell Opal. Riedell wanatengeneza viatu Red Wing, mji ulio kando ya mto Mississippi, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka Minneapolis, na wapo tangu 1945. Jackson ni ya Kanada, na inabeba jina la Donald Jackson, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1962 huko Prague kwa kuruka Lutz, aina ya mruko, ya mizunguko mitatu, ya kwanza kufanikiwa katika mashindano. Viatu vya daraja hili vinashika kifundo cha mguu kisilale upande, na bado vinamruhusu mtoto kukunja goti. Chuma chake, yaani bapa la kutelezea lililo chini ya soli, kikiwa kimefungwa kwa skrubu, mtoto anayeegemea ndani anaweza kusaidiwa: fundi anakifungua na kukisogeza milimita chache. Meno yaliyo mbele ya chuma nayo yanatosha kwa miruko ya mwanzo.

Kwenye kupima usione haya kukaa dukani saa nzima. Namba ya kiatu cha shule isikuongoze, kwa sababu namba ya kiatu cha barafu mara nyingi huwa ndogo kuliko ya raba, na Edea, watengenezaji wa viatu hivi wa Italia, hupima kwa milimita. Mtoto avae soksi moja nyembamba au taitsi zile zile atakazotelezea. Aingize mguu, agonge kisigino sakafuni mara mbili tatu ili kirudi nyuma kabisa, ndipo ufunge kamba: vidoleni zilegee kiasi, kwenye kifundo zikaze, juu ziache nafasi ya goti kukunjika. Akisimama wima, vidole viguse mbele kidogo bila kujikunja. Akikunja magoti, vijivute nyuma. Kisha mwambie ajaribu kunyanyua kisigino ndani ya kiatu. Kikinyanyuka, kiatu ni kikubwa, hata kama mtoto mwenyewe anasema kinamkaa vizuri.

Sisi tumezoea kumnunulia mtoto kiatu cha kukulia. Cha shule sawa, cha barafu hapana. Nafasi ya nusu namba inatosha. Ikizidi hapo, mguu unacheza ndani, malengelenge yanatoka, na kifundo kinalala kila anapojaribu kusimama kwa mguu mmoja. Ukijazia kwa soksi mbili nene, miguu inabanwa na kupata baridi zaidi.

Nafasi ya pili ni mitumba, na kwa mtoto wa chini ya miaka minane ningeipandisha iwe ya kwanza, maana katika umri huo mguu hukua kabla kiatu hakijachakaa. Klabu za kuteleza huwa na wazazi wanaouziana, na kiatu kizuri kinaweza kupatikana kwa nusu ya bei ya kipya. Lakini kikague kama unavyokagua gari. Bonyeza ngozi ya kifundoni kwa vidole viwili: ikilegea kama kitambaa, au ikiwa na mkunjo mzito uliozama, kiatu kimekwisha. Kigeuze uangalie skrubu. Kutu ikiwa imezizunguka na soli imelainika hapo, kirudishe kwa mwenyewe. Mwisho tazama chuma kwa ubavuni. Vyuma vingi vina utepe mwembamba usio na krome karibu na makali, na kila kinaponolewa utepe huo unapungua. Ukiwa umebaki uzi tu, chuma hicho hakina muda mrefu.

Viatu vya kukodi nimeviweka nafasi ya tatu. Vinafaa kwa wiki za mwanzo, mkijua kama mtoto ameupenda mchezo. Havinolewi kwa ajili ya mguu wa mtu yeyote na vifundo vyake vimeshalegea, kwa hiyo kocha akianza kufundisha kuteleza kwenye makali ya ndani na ya nje, mtoto atahangaika na lawama atajitupia mwenyewe. Hilo linanihuzunisha kuliko pesa.

Nafasi ya nne itawashangaza wengine: viatu ghali vya mabingwa. Edea Ice Fly na Edea Piano ni viatu bora, na vyuma vya John Wilson na MK kutoka Sheffield, Uingereza, vinasifiwa kwa haki. Ila kiatu kilichotengenezwa kupokea kishindo cha miruko ya mizunguko miwili na mitatu hakikunjiki chini ya mtoto wa kilo 25. Goti lisipokunjika, mtoto anateleza akiwa wima kama mlingoti, na mazoea hayo ni magumu kuyaondoa. Subirini kocha aseme.

Vya mwisho kabisa ni vile viatu laini vya supamaketi, vyenye kitambaa ndani na bizimu za plastiki. Sivipendekezi hata kama zawadi. Na vile vya hoki ya barafuni alivyoacha kaka yake navyo haviwezi kutumika kwenye masomo haya, kwa sababu havina meno na chuma chake kimepindwa kwa kazi nyingine.

Sasa suala la kunoa, ambalo lilinigharimu machozi. Hili ni jimbo la hoki, na mashine za kunoa zipo kila mahali. Mwaka wetu wa pili nilipeleka viatu vya binti yangu kwenye duka moja la vifaa vya hoki. Vilirudi vinang'aa, na lile jino la chini kabisa limesagwa. Jino hilo ndilo linalokwaruza barafu mtoto anapozunguka mahali pamoja. Kwa wiki mbili binti yangu alikuwa akiteleza kurudi nyuma kila alipojaribu kuzunguka, akidhani amesahau, hadi kocha alipokigeuza kiatu na kunionyesha. Tulinunua chuma kingine. Kwa hiyo muulize mnoaji waziwazi: unanoa vyuma vya mchezo huu, na jino la chini unaliacha? Akisitasita, ondoka. Chuma kipya nacho kinaweza kuhitaji kunolewa kabla ya somo la kwanza, na baada ya hapo kila saa 20 hadi 40 za kuteleza. Mfereji ulio kati ya makali mawili, kwa wengi wanaoanza, huchongwa kwa mviringo wenye nusu kipenyo cha nusu inchi.

Nunua pia vifuniko vya plastiki vya kutembelea nje ya barafu, na vifuko vya kitambaa vya kuhifadhia. Futa chuma kikauke kwa taulo ndogo. Ukikiacha usiku kucha ndani ya plastiki, asubuhi unakuta kutu.

Mavazi hayana makuu: suruali inayobana na kunyumbulika, si jinzi, koti jepesi, glavu, na vilinda magoti chini ya suruali. Mitandio yenye ncha ndefu ifungwe ndani. Hijabu ya michezo haina tatizo, na mtelezaji Zahra Lari wa Abu Dhabi alishindana Italia mwaka 2012 akiwa ameivaa. Helmeti nunua ya hoki, si ya baiskeli. Kanada, watoto walio kwenye CanSkate, programu ya kufundisha wanaoanza kuteleza, wanalazimika kuivaa hadi wamalize hatua ya tano.

Siku ya somo fikeni dakika 25 kabla. Viatu vipya ni vigumu na vidole vyako bado havijazoea kamba ndefu namna hiyo, kwa hiyo fanyeni mazoezi ya kufunga nyumbani, sebuleni, vyuma vikiwa ndani ya vifuniko. Muda wa barafu ukianza, mtoto awe ameshasimama mlangoni na glavu mkononi.